Jiwe la Kijani la Mpakani

Kahaso wa Randu hakuwa mtu wa kuamini upesi. Akinunua pojo sokoni Kinango, alitia mkono mpaka chini ya gunia aone kama za chini zimefanana na za juu. Akiletewa habari ya msiba, aliuliza kwanza ni nani aliyeiona maiti. Watu wa Chirimani, kijiji kikavu magharibi mwa Kinango unapoelekea Kuranze, walimcheka kwa hilo. Hata hivyo, kila palipokuwa na jambo la kukaguliwa, iwe mbuzi wa mahari au mbegu za msaada, walimwita yeye. Walisema jicho lake halidanganyiki.

Jicho hilohilo lilimdanganya miaka kumi na mmoja, na nusura limuue mtu.

Shamba lake lilikuwa la mteremko. Sehemu ya chini ilitoa mahindi na kunde kama mashamba ya wenzake. Sehemu ya juu, kipande kirefu kilichopakana na shamba la mzee Jefwa, ilikuwa na mambo yake. Mahindi yalichipua vizuri, yakafika magotini, kisha majani yakaanza kuwa manjano kwenye ncha, yakajikunja, yakafa. Mvua ni ileile, mbegu ni ileile, na mkono uliopanda ni uleule. Alitia samadi ya mbuzi, wapi! Akabadilisha mbegu, wapi! Akapanda mtama, nao ukadumaa. Kilichostawi pale ni kijimmea kigumu chenye maua madogo ya zambarau ambacho hakukiona mahali pengine popote, hata hatua ishirini tu kutoka hapo.

Mwaka wa tatu wa kulima kipande hicho ndipo alipomwona Jefwa. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mkali wa maneno, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeshinda akipuliza moto. Kahaso alikuwa zizini, akamwona mzee akipenya kwenye ua wa minyaa, akiinama katika kipande kile kibovu, akiokota kitu, akikifunga kwenye pindo la kikoi na kurudi kwake. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa pia.

Hakumwuliza. Mwenye shaka hapendi kuuliza, kwa maana jibu linaweza kumpokonya shaka yake. Aliitunza, akaongezea kila kilichokuja. Mbuzi alipotupa mimba, aliongezea. Mumewe Mwero alipofariki, daktari alimweleza kwamba ni moyo uliochoka. Kahaso aliitikia kwa kichwa, akashukuru, na njiani akaliongezea na hilo.

Neno lenyewe hakulitamka hata siku moja. Watu wakimwuliza habari za shamba, alijibu, "Mimi sisemi kitu. Naona tu." Na huku akisema hivyo, macho yake yalielekea upande wa pili wa ua.

Mwaka jana, kiangazi kilipokaza, mwanawe Samuel alirudi kutoka Diani alikokuwa akifanya vibarua vya ujenzi. Wakaafikiana kwamba kipande kile kisichozaa kichimbwe bwawa dogo la kukinga maji ya mvua. Samuel na wenzake wawili walichimba siku mbili. Siku ya tatu, wakiwa wamefika kiunoni, sururu ilitoa mlio mwingine, si wa mwamba wa kawaida. Ilikuwa kama imepiga kitu kinene na kizito.

Waliondoa udongo kwa mikono. Chini palikuwa na jiwe la kijani, kijani cha jani lililokomaa, lenye mabaka meusi na mishipa myeupe. Samuel alilipapasa, kisha akaondoa mkono haraka. Lilikuwa laini la kuteleza, kana kwamba limepakwa sabuni.

"Mama, njoo uone. Hii ni ngozi ya chatu."

Kahaso alichuchumaa akalitazama. Kabla ya yote aliona kwamba ni zuri, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

"Ndicho alichokizika," alisema Samuel kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Usijifanye hujui, mama. Wewe ndiye uliyetufundisha kumtazama."

Kahaso alisimama, akatazama ng'ambo ya ua. Huko bara kila mtu anajua mambo hayo huishia wapi. Mzee mwenye macho mekundu, uvumi, vijana wenye mapanga. Kisha kunakucha, na hakuna aliyeona kitu. Yalikwisha kutokea, si mara moja. Miaka yote ile yeye alikuwa akitazama tu, lakini wenzake walikuwa wakimtazama yeye anavyotazama.

Alasiri alisikia kwamba kipande cha jiwe kimefika dukani na kinapitishwa mkono kwa mkono. Alikwenda mwenyewe. Vijana saba walikuwa wamekaa kwenye benchi, na hakuna aliyekuwa akicheka. Alinyoosha mkono.

"Nipeni jiwe langu."

Walimpa.

"Hakuna atakayemgusa mtu mpaka nijue hili ni kitu gani," alisema. "Nipeni wiki moja."

"Na ukijua kwamba ni lake?" mmoja aliuliza.

Kahaso alilifunga jiwe kwenye leso akaondoka.

Siku ya pili alikuwa Diani, akiulizia mtu anayejua mawe. Alielekezwa kwa Amin Sharif, mchongaji wa Msambweni, ambaye kibanda chake kilikuwa nyuma ya barabara ya mahoteli. Amin alichonga kasa, samaki na mabakuli kwa mawe laini yaletwayo kutoka Kisii, na nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, ingawa hakufika miaka arobaini na tano.

"Shikamoo, mama. Karibu, karibu uketi."

"Marahaba." Hakuketi. Alifungua leso. "Hili ni jiwe gani?"

Amin alilichukua. Alikuna kwa ukucha, jiwe halikukubali. Akakuna kwa ncha ya kisu, likaacha mstari. Akalichovya kwenye ndoo ya maji, na rangi ikaiva kama imewashiwa taa kwa ndani. Mwisho alitoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akaisogeza. Sumaku ilinasa.

Kahaso aliyaona yote hayo, na jicho lake halikukosa pia namna pumzi ya yule bwana ilivyobadilika.

"Jiwe la kawaida tu hili, mama."

"Kama ni la kawaida, mbona huliachi?"

Amin alitazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Haya, umenishika. Ni jiwe zuri. Ni gumu kidogo kuliko haya yangu, na litang'aa kuyapita. Latoka wapi?"

"Mkwiro," alisema Kahaso, kwa kuwa ndilo jina la mbali lililomjia.

"Subhanallah! Mama, mimi mzazi wangu wa kike ni wa Mkwiro. Kisiwa chote kile ni matumbawe matupu."

"Basi sikwambii."

Ubavuni mwa jiwe palikuwa na mshipa mweupe. Amin alipouparura, ulitoa nyuzi nyembamba kama pamba iliyochambuliwa. Alizipuliza kwa mdomo zikaruka.

"Hizo ni nini?" Kahaso aliuliza.

"Wallahi sijui. Jiwe lenye nywele sijapata kuliona." Alifikiri kidogo. "Mtoto wa dada yangu, Warda, amesomea mawe chuo kikuu. Yuko Ukunda, afanya kazi na wachimbaji wa visima. Yeye atakwambia."

"Kwa hiyo utaniitia mtu wako, aje aseme maneno yako."

"Mpigie wewe basi. Chukua simu hii, mimi nitakaa nje."

Kahaso alipiga. Sauti ya msichana iliitikia kwa shikamoo, ikamsikiliza hadi mwisho, kisha ikasema kwamba haiwezi kusema lolote kwenye simu. Jiwe huulizwa kwao, alisema. Angefika Alhamisi. Jibu hilo lilimpendeza Kahaso, kwa kuwa mwongo, alivyojua yeye, huwa na jibu papo hapo. Ndipo alipotaja jina la kijiji chake, taratibu, kama mtu anayetoa jino.

Siku hizo hakulala vizuri. Samuel alikula kimya, na vijana walipita njiani wakihesabu siku kwa vidole ili awaone.

Alhamisi asubuhi pikapu ya Amin ilionekana ikipanda. Lakini njia hupita kwa Jefwa kwanza, na ikasimama pale. Kutoka uwanjani kwake Kahaso alimwona Amin ameshuka, ameinama karibu na ua wa minyaa, ana vipande vya kijani mkononi, na Jefwa anamwonyesha kwa kidole shamba la Kahaso. Wanajuana hawa! Tangu lini? Kumbe mchongaji alitumwa, au mzee ndiye aliyekuwa akimuuzia mawe miaka yote hii!

Alikwenda mbio. Samuel na wenzake wawili walimfuata, na mmoja wao alikuwa na panga la kukatia kuni.

Warda naye alikuwa ameshuka garini, msichana mwembamba mwenye hijabu ya kahawia na nyundo ndogo kiunoni. Alifungua kinywa kuamkia, akakifunga.

"Mzee Jefwa," alisema Kahaso, na ndiyo mara yake ya kwanza kulitamka jina hilo mbele ya mwenyewe baada ya miaka minane. "Waokota nini shambani mwangu kila alfajiri?"

Jefwa alimtazama kwa macho yale mekundu. Alifungua pindo la kikoi. Ndani palikuwa na vijitawi vitatu vyenye maua ya zambarau.

"Dawa ya macho," alisema. "Nachemsha, napoza, naosha. Mama yangu ndiye aliyenionyesha, na alisema vya huko chini kwako ndivyo vyenye nguvu."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Nikuombe wewe?" Sauti ya mzee ilipanda. "Mimi niliacha kulima upande wangu kwa kukuogopa wewe! Mahindi yangu yalikufa kama yako. Yalianzia mpakani, kwako. Mumeo akafa. Na wewe wanitazama tu, husemi. Mtu atazamaye miaka bila kusema, utamwitaje? Nikaona bora nipite mapema, nichume dawa yangu, niondoke kabla hujaamka."

Samuel alimgeukia mama yake.

Kahaso alipenya kwenye ua wa minyaa, utomvu ukamchafua leso. Tangu aolewe hapo hakuwahi kukanyaga upande ule. Na pale mbele yake aliliona shamba la Jefwa: zuri kulia, zuri kushoto, na katikati kipande kirefu kisicholimwa, kipana kama chake, chenye udongo uleule wa kijivu na maua yaleyale ya zambarau. Kilitoka kwenye ua, kikaenda moja kwa moja kupanda kilima, kama mkia wa kile alichokiacha nyuma yake.

Warda alimfuata. "Shikamoo, mama. Mimi ndiye Warda."

"Marahaba, mwanangu. Nani aliyekulipa uje?"

"Hakuna. Leo nimeomba ruhusa kazini." Aliinama akaokota kijiwe, akakipasua kwa nyundo, akatazama ndani. "Mama, hili halikuzikwa na mtu. Lakini usiniamini mimi. Waambie vijana wachimbe hapa niliposimama, penye maua. Watalikuta jiwe hata goti halijazama. Kisha wachimbe pale, hatua kumi kando, maua yanapokoma. Hapo hawatalikuta."

Kahaso alipenda sana maneno hayo: usiniamini. Aliwaita Samuel na wenzake. Walichimba penye maua, na sururu ikatoa mlio uleule mnene. Jiwe lilikuwa la kijani, la kuteleza. Walichimba kando, wakapita magoti, wakafika kiunoni, wakakuta udongo mwekundu na changarawe tu. Kwa ukaidi wake Kahaso alichagua mahali pa tatu mwenyewe, juu kabisa penye maua, karibu na mwisho wa shamba la Jefwa. Jiwe lilikuwepo.

"Nani awezaye kuzika kitu kirefu namna hii?" Samuel alisema, kama anajiuliza mwenyewe.

Warda aliketi juu ya udongo uliochimbuliwa. Alieleza taratibu, akirudia kila alipoulizwa. Jiwe lile, alisema, mwanzo lilikuwa jeusi na zito, chini kabisa kuliko kisima chochote, chini hata ya sakafu ya bahari ya zamani. Miaka zaidi ya milioni mia tano iliyopita, nchi mbili zilisukumana, kama mikeka miwili unapoisukuma ikakutana ikakunjamana. Jiwe likabanwa katika mkunjo, likapandishwa, na njiani likanywa maji.

"Jiwe likanywa maji?" Jefwa aliuliza. Alikuwa amesogea bila mtu kumwona.

"Likanywa, babu, mpaka likageuka rangi na kulainika. Ukilikamua hayatoki tena, yamekwisha kuwa jiwe. Ndiyo maana lateleza, na chuma kidogo kilichobaki ndani ndicho kinachonasa sumaku. Na udongo utokao humu una magnesiamu nyingi kupita kiasi, chokaa haba, na nikeli yenye kudhuru mizizi. Mahindi hula hapa lakini hayashibi. Huu mmea wako umezoea taabu, ndiyo maana umebaki peke yake."

"Kwa hiyo shamba langu halikurogwa," alisema Kahaso.

"Limezaliwa hivi, mama."

Kisha Kahaso alikumbuka, akatoa kile kipande chenye mshipa. "Na hizi nyuzi? Mjomba wako alisema hazijui."

Warda alipozitazama, uso wake ulibadilika. Alimzuia Samuel asiziguse. Nyuzi zile, alisema, ni jamaa ya yale mapaa ya zamani ya asbesto yaliyopigwa marufuku. Jiwe lenyewe halina neno likitulia. Lakini likikatwa kavu, nyuzi huruka zisionekane, zikaingia mapafuni zisitoke, na madhara yake huja baada ya miaka mingi. Lenye mishipa ya namna hiyo liachwe ardhini. Lisilo nayo laweza kukatwa, lakini majini, na mkataji amejifunika pua na mdomo vilivyo.

Amin alikuwa amesimama kando. Alijifuta midomo kwa kiganja, mara mbili, tatu.

"Nilizipuliza," alisema.

"Mjomba, na mashine yako wakata kavu kila siku, hata hayo ya Kisii. Nimekwambia mara ngapi?"

Tangu siku hiyo kwenye kibanda chake pana pipa la maji juu ya mashine na mpira unaotiririka.

Jumapili iliyofuata Kahaso aliomba nafasi mbele ya watu, nje ya kanisa, Waislamu na wasio na dini wakiwa wameitwa pia. Alisimama na jiwe, akaeleza jinsi walivyochimba mara tatu. Kisha akasema, "Kwa miaka mingi nimewaambia kwamba sisemi kitu, naona tu. Nilikuwa nasema. Nilisema kuliko ninyi nyote. Kama mzee huyu angeuawa, mkono ungekuwa wenu na kosa langu." Akamgeukia Jefwa akamwomba radhi. Mzee alisema amesikia. Hakusema amesamehe, si siku hiyo.

Si wote walioshawishika. Wapo walionong'ona kwamba binti wa Ukunda alihongwa, kwamba Kahaso amemwuzia mgeni nyoka wa kijiji, yaani lile jiwe. Kwa miezi kadhaa yeye ndiye aliyetazamwa. Akiingia dukani, mazungumzo yalikatika. Alijua vizuri ukimya ule, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wake, na aliuvumilia bila kulalamika.

Amin alileta karatasi ya makubaliano ya kuchimba. Kahaso aliikataa kwa kuwa imeandikwa Kiingereza. Ya pili aliikataa kwa kuwa jina la Jefwa halimo, na jiwe liko pande zote mbili. Ya tatu ilisomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mbele ya naibu wa chifu, na vibali vikaombwa ofisini kabla ya sururu kuinuliwa. Warda alipita akitia alama nyekundu penye nyuzi, pasiguswe. Kijijini maji ni shida, kwa hiyo magogo ya jiwe yalipelekwa Diani kukatwa huko. Mengine yaligeuzwa mabakuli na samaki. Mengine yalipasuliwa mbao mbao, yakatandikwa sakafuni na kwenye kuta za hoteli moja, na vipande vidogo vilivyobaki machimboni, visivyo na nyuzi, walivimwaga kwenye mashimo ya barabara ya kijiji.

Samuel ndiye msimamizi wa uchimbaji. Huvaa barakoa, na asiyevaa humrudisha nyumbani.

Kahaso na Jefwa hawakuwa marafiki wa kuitana kula. Lakini mzee aliacha kupenya uani. Alipita mlangoni, akabisha hodi, akachuma mmea wake mchana kweupe. Warda alipomsihi akaonwe macho Msambweni, Kahaso ndiye aliyempeleka. Alimsumbua muuguzi kwa maswali juu ya kila chupa ya dawa, mpaka Jefwa akamwambia, "Mama Samuel, niachie macho yangu nipone."

Jefwa alifariki masika ya mwaka huu, kitandani mwake, baada ya kikohozi cha siku nne. Samuel alichimba kaburi. Matangani, mgeni mmoja kutoka upande wa Samburu alimsogelea Kahaso, akainamisha kichwa, akauliza kwa mnong'ono ni nani aliyemla mzee.

"Umri," alisema Kahaso, akampa kikombe cha chai.

Mgeni alikipokea, akakitazama ndani kwanza kabla ya kunywa.